Presha Niliyoandika Bila Kukupima

Francistown, Botswana

Kaka Anaeli,

Shikamoo. Mkono wa kulia unaendeleaje? Shemeji alisema sasa unashika kikombe, ila chai nyingi inaishia kwenye shati. Mwagia tu, mashati yako yalikuwa yamechoka hata kabla hujaugua. Mimi mzima. Huku ni jua na vumbi, wodi zimejaa, na ndizi za sokoni kwao hata mbuzi wetu wangezigomea. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu tunaishia kuongelea mvua, na ninalotaka kukuambia nitalikimbia.

Jumanne shemeji alinipigia akiwa kwenye mapumziko, nje ya banda wanakofungasha maua. Sikujua kama ameanza kibarua kule Usa River. Nikamuuliza bima imefikia wapi, maana daktari mwenye zahanati yake hana mwajiri wa kumlipa akiugua, na ile bima ya ulemavu ndiyo ilikuwa tegemeo la nyumba yako tangu kiharusi kilipokuangusha. Akasema kampuni imekataa kulipa. Wamesoma faili la hospitali ulikolazwa, wakakuta kichwa kilikusumbua tangu kabla hujakata bima, wakasema ulificha ugonjwa. Ofisa wao alikuja mpaka nyumbani akakuuliza kama daktari aliyejaza fomu yako ulimwambia. Ukamjibu, neno moja moja, "Hapana. Nilimficha."

Shemeji alinisimulia hivyo bila kunilaumu, kwa sababu hajui. Mimi na wewe tunajua.

Ilikuwa Krismasi, kwa mama mkubwa, tumeshiba loshoro hadi kuinuka ni kazi. Wakala wa bima alikuwa amekuachia fomu ya uchunguzi wa afya, ijazwe na daktari mwingine baada ya kukupima. Mimi ni mtoto wa mama mdogo, majina yetu ya ukoo hayafanani, tukaona hakuna atakayeuliza. Kipimo cha presha kilikuwa kwenye mkoba wako, juu ya kochi. Nikaandika mia na ishirini kwa themanini, ile namba tunayoandikiana madaktari tukiona uvivu.

Ukasema, "Dogo, andika na hiki kichwa. Kila asubuhi kinanigonga kisogoni."

Nikacheka. "Kaka, nikiandika hivyo watakuzungusha mpaka Pasaka. Wewe lala mapema, acha ubishi."

Nikaandika kwamba huna tatizo lolote. Ukaniamini, ukasaini. Mzee yeyote kutoka Olmotonyi angeniambia maneno yale, ningemfunga kipimo mkononi kabla hajamaliza kusema. Wewe uliyenifundisha kukifunga, sikukugusa.

Kaka, hilo la bima linaniuma, lakini kuna linaloniuma zaidi. Ningekupima siku ile, ungeanza dawa, na pengine leo ungekuwa zahanati unamfokea nesi wako kwa kuchelewa. Siku hizi kila nikipima presha ya mtu nakukumbuka, na najionea aibu mbele ya wagonjwa wasionijua.

Najua kwa nini ulijibu vile. Ukweli ukijulikana, baraza linalotusajili linaweza kunifutia leseni, na mshahara wangu ndio unaomtibu mama mkubwa na kumsomesha binti yako Neema. Kwa hiyo ukajiita mwongo mbele ya mgeni, ndani ya nyumba yako, mke wako akisikiliza. Nilikaa siku nne nikitafuta pa kutokea. Niliwaza nikuongezee matumizi kila mwezi, ninyamaze, mambo yapoe yenyewe. Nikaona kwamba huko ni kukuacha ubebe kosa langu huku mimi nikijiita ndugu mwema.

Jana nimeiandikia kampuni ya bima, na nakala nimepeleka kwa baraza. Nimesema ulinitajia kichwa nami sikukiandika, na kwamba presha niliyoandika niliitunga. Nimesaini jina langu kamili na namba yangu ya usajili. Sijui kama watakulipa. Wanaweza kukataa tena, maana fomu ile tuliichezea wote wawili. Mimi naweza kurudi nyumbani bila kazi, nikachume kahawa na kuvumilia maneno ya wakwe. Naogopa, sikufichi.

Mpe mama mkubwa shikamoo yangu, ila barua hii usimsomee, nitamweleza mwenyewe. Shemeji msomee yote, na akitaka kunitukana anipigie. Neema mwambie baba yake mdogo anamsalimu sana. Na mchungaji anayekuja kukufanyisha mazoezi ya mkono, mwambie namshukuru kwa kufanya kazi yangu.

Ofisa wa bima atarudi, safari hii akiwa na maelezo yangu. Atakuuliza swali lile lile. Nakuomba, kaka, usinitetee.

Mdogo wako aliyekukosea,
Elirehema