Wimbo wa Zulia, Bila Waitikiaji

Jumamosi, 5 mwezi wa Aban
Kibali kimetoka! Onyesho moja tu, hapahapa mjini Kerman, Alhamisi alasiri. Sharti ni lilelile: sauti ya mwanamke isisikike peke yake. Arsalan, mwanamume wa bendi yetu, ataimba chini ya sauti yangu, kama tulivyozoea.

Nimemsikilizisha shangazi Turan wimbo wa zulia nilivyousuka upya. Miaka arobaini yeye ndiye aliyekuwa akiimba rangi za nyuzi katika karakana ya mazulia — anaita, wafumaji wanafunga mafundo, wanaitikia. Gitaa la umeme kalivumilia. Kisha akauliza wafumaji wako wapi. Nikamwambia nimewakata, vijana hawana subira ya kusikia "tumefunga" mara ishirini.

"Sasa unamwitia nani, mwanangu? Ukiita usiitikiwe, fundo linarukwa. Zulia zima linakwenda upande."

Nimekasirika. Anajua nini kuhusu jukwaa?

Jumanne, 8 Aban
Arsalan kajitoa. Kwa ujumbe wa simu. Mkuu wa shule anakofundisha kamwita ofisini, na baba yake kamsihi asiwaletee balaa nyumbani. Simlaumu.
Mwongo mimi. Namlaumu sana.

Jumatano, 9 Aban
Ofisi ya vibali. Bwana Keyvanfar kanikaribisha chai mara tatu kabla ya kunichinja. "Binti yangu, pigeni ala tu. Sauti yako mimi mwenyewe naipenda. Lakini ukiimba peke yako, hicho ndicho kibali chako cha mwisho."

Anaipenda! Miaka sita nimezunguka vijijini na kinasa sauti, nikiwabembeleza vikongwe waniimbie. Yote hiyo ili nisimame kimya kama nguzo.

Jioni shangazi kaomba tiketi kumi na mbili, yake na za wenzake wa karakana. Nikamwambia hakuna kuimba, ni ala tu.
"Basi tutakuja kusikia ala."

Alhamisi, 10 Aban. Nyuma ya jukwaa
Naandika mbiombio, mwandiko wenyewe sijui kama nitausoma kesho.

Milango imeshafunguliwa, watu wanaketi. Fundi mitambo kaniambia niseme chochote apime maikrofoni. Ningesema moja, mbili, tatu. Mdomo ukaenda wenyewe: "Mbili nyekundu, ruka moja, buluu tatu." Mstari mmoja tu.

Kutoka safu ya nne: "Tumefunga."

Wote kumi na wawili, kwa pamoja. Hata macho hawakuinua. Mmoja anatafuna mbegu za alizeti. Shangazi anatafuta miwani mkobani, kana kwamba hakuna lililotokea.

Bwana Keyvanfar, safu ya kwanza, akasimama. Akawageukia. Akanigeukia mimi. Simu mkononi, hajapiga.

Shangazi alisema kweli, na mimi naogopa. Mpiga gitaa anauliza kutoka mlangoni: ala tu, au?

Taa za ukumbi zinazimwa. Nachungulia pembeni ya pazia. Bwana Keyvanfar ameketi tena, simu bado mkononi, uso wake siuoni. Safu ya nne wananingoja niite.

Mstari wa pili unaanza na kijani.