Chupa ya Mama Nekesa

Malaba,
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku mpakani. Mgongo unaendeleaje, na baridi ya Wundanyi imepungua? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Mama Nekesa, mwenye nyumba wangu, aliyenifanya binti yake tangu nilipoletwa kufanya kazi maabara, tumemzika juzi.

Nilikuandikia kwamba miguu yake ilivimba. Tulimpima figo kwa njia ya zamani: mgonjwa anapewa chupa kubwa, anakusanya mkojo wote wa mchana na usiku, nasi tunapima wingi na uzito wake. Chupa yake ilikuja imejaa na majibu yakawa mazuri. Nilifurahi mpaka nikampikia omena, dagaa wa huku. Daktari alimwambia arudi nyumbani apumzike, nami nikampa tena chupa yake, imeoshwa, ya kipimo kijacho.

Kisha tukaletewa kipimo kipya, cha damu. Chupa zikawekwa kando. Sasa ni kutoa damu kidogo, kuchanganya na dawa na kusoma rangi. Wakati huo Mama Nekesa viatu havikumwingia tena. Nilimtoa damu mwenyewe, rangi ikakolea mno, dalili ya figo zilizoshindwa. Nikarudia, ikawa vile vile. Daktari alisema figo zimekwisha zamani na hapa hatuna la kufanya. Nikabaki kuilaumu mikono yangu: ile mara ya kwanza nilipimaje?

Jana Nekesa, binti yake, alinirudishia chupa. Ameisugua kwa majivu na kuijaza simsim ya kukaanga, ule ufuta wetu.

"Dada, kwetu chombo ya mtu hairudi tupu," alisema. "Hata ile siku ya kipimo, mama alipata kidogo tu, haikufika hata nusu. Nikaona aibu apeleke hivyo hospitali. Nikaongezea yangu."

Nilishika chupa nikasema asante. Alikuwa ananitazama kwa utulivu wa mtu aliyemtunza mama yake vizuri, na kweli alimtunza. Tangu jana nalia tu. Nikimwambia nitamvunja, nisipomwambia nitalimeza peke yangu. Nimeamua kulimeza.

Nisalimie Baba, shangazi wa bondeni na kaka wa kiwandani. Simsim iko mezani, sijaweza kuionja.

Na wewe Mama, ukiugua wakakupa chupa, peleka wako tu, hata ukiwa tone moja.

Mwanao anayekulilia,
Mkamburi