Kura Yangu kwa Kocha Rajabu

Jumatatu, 5 Juni 1972

Nimeamka, nimesali, nimefagia uwanja. Mke wangu, Mama Debora, hapendi nifagie. Asema majirani watamcheka. Nimefagia hata hivyo. Chai bila sukari. Dukani hakuna.

Jioni nimekwenda shamba la mkonge kumtazama kocha mpya wa timu. Kura yangu ndiyo iliyomweka. Kamati iligawanyika, wawili kwa wawili, na mimi mwenyekiti nikaamua. Wenzangu wawili walimtaka yule mtu wa Tanga mwenye makombe. Mimi nilimchagua Rajabu, kijana wa miaka ishirini na minne, ambaye hajawahi kuongoza timu yoyote. Mpira wa kikapu alijifunza shuleni kwa mapadre. Tulipomwuliza ameshinda nini, alijibu, "Sijashinda kitu, mzee," kisha akanyamaza. Hakujieleza. Niliupenda ule ukimya. Sasa sijui kama hiyo ni sababu ya kutosha.

Meneja wa shamba amesema wazi. Bei ya mkonge imeanguka. Wachezaji wetu hulipwa na shamba na huachiwa mchana ili wafanye mazoezi, huku wenzao wakiendelea kukata. Tukishindwa na Mikumi tarehe mosi Julai, mambo hayo yamekwisha. Wachezaji watarudi kukata mkonge na kocha atarudi kwao.

Nina hofu. Naiandika ili iniondoke. Haijaniondoka.

Alhamisi, 8 Juni

Mazoezi mabaya.

Nahodha ni Mashaka, fundi wa mashine ya kukamulia mkonge. Anakaribia miaka arobaini. Akiinua mkono, vijana humpa mpira hata akiwa amezingirwa. Si kwamba yuko mahali pazuri. Ni mkubwa wao. Mkubwa akiomba, hanyimwi. Nyumbani ni adabu. Uwanjani ni hasara.

Rajabu analiona jambo hilo. Lakini asemeje? Leo alijaribu. "Kaka Mashaka, samahani, kama hutajali..." Mashaka akampigapiga begani, akamwambia, "Utazoea, mdogo wangu." Wote wakacheka. Rajabu naye akacheka.

Afadhali asingecheka.

Jumanne, 13 Juni

Rajabu ameanzisha jambo nisilolipenda.

Baada ya mazoezi amewakalisha wachezaji wawili wawili, kila mtu na mtani wake. Mnyamwezi na Mzaramo. Mhehe na Mngoni. Ameagiza kila mmoja amweleze mwenzake makosa yake ya leo, bila kuficha. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, aibu ni yako.

Mbaruku ndiye mchezaji wetu mfupi kuliko wote, Mzaramo. Alisimama mbele ya nahodha, mikono kiunoni.

"Wewe Mnyamwezi, mtumwa wangu. Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani. Wewe ukikimbia mara mbili unashika kiuno. Na huo mpira si pembe. Utue, wenzako waubebe."

Watu walianguka chini kwa kicheko. Mashaka alicheka kuliko wote.

"Ngoja ufe, Mzaramo," akasema. "Nitakuzika umesimama. Kaburi la kukulaza ni kulichosha jembe langu bure."

Kisha walirudi uwanjani kucheza kidogo, na Mashaka akatoa pasi mbili. Nilishangaa.

Hata hivyo sikupenda. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba darasani hakuna kabila, kuna mwanafunzi. Na Chama kinasema hivyo hivyo. Mtu mwenye nia mbaya akipita pale jioni, ataeleza nini?

Nilimwambia Rajabu hofu yangu. Alisikiliza kwa heshima. Akasema hana njia nyingine. Yeye mwenyewe hana mtani katika timu, na umri wake haumruhusu kuwakemea watu wazima.

Sikumkataza. Labda nimekosa.

Jumamosi, 17 Juni

Timu inacheza. Lazima niandike ukweli. Mpira unatembea. Mashaka bado anauomba mno, lakini Mbaruku humpigia kelele, naye hucheka na kuuachia, angalau mara moja kati ya tatu.

Nilimweleza Mama Debora. Akasema bahati mbaya sikuoa kwa watani. Ningeambiwa ukweli tangu mapema. Nikamwuliza ukweli gani. Akaenda kuipua maharage.

Mambo yakienda vizuri nazidi kuogopa. Sijui kwa nini niko hivi.

Jumatano, 21 Juni

Wamepigana.

Kalinga, Mhehe, aliketishwa pamoja na Simoni, ambaye kwenye daftari la shamba ni Mngoni. Kalinga akaanza mzaha wa kawaida wa watani, ule wa msiba. Akasema mama yake Simoni akifa, jeneza halitapita mpaka yeye Kalinga apewe jogoo mnono. Mngoni yeyote angejibu kwa tusi kubwa zaidi na mambo yangekwisha. Simoni alimpiga ngumi ya mdomo. Damu.

Kumbe Simoni si Mngoni. Baba yake alitoka ng'ambo ya Ruvuma, akajiandikisha Mngoni kwa sababu aliosafiri nao kuja kutafuta kazi walikuwa Wangoni. Mtoto amerithi jina la kabila, hakurithi watani. Na mama yake kweli yuko kitandani, kijijini Malolo, hali yake si nzuri.

Rajabu alikuwa amesimama katikati yao kama mtu aliyepotea njia. Hakumwuliza Simoni kwanza. Alisoma daftari, akaona inatosha.

Hasira yangu ni kwake. Na kwangu.

Alhamisi, 22 Juni

Habari zimefika kwa Ndugu Pazi, katibu wa tawi la Chama. Ameita mkutano Jumamosi. Neno alilolitumia ni ukabila. Neno hilo si dogo. Kwa neno hilo kijana anaweza kuondoka hapa bila kazi na bila kupata nyingine.

Mjumbe mmoja wa kamati amenijia nyumbani. Alikunywa uji wangu wote, halafu akasema, "Mzee Yakobo, hujachelewa. Sema ulidanganywa. Iondoe kura yako."

Nilitaka sana kumjibu ndiyo.

Jumamosi, 24 Juni

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya shamba. Watu wengi, wengine madirishani.

Rajabu alikiri kila kitu. Alisema ndiye aliyewapanga hivyo, na kwamba kumpanga Simoni bila kumwuliza ni kosa lake peke yake. Hakujitetea. Ndugu Pazi akasimama, akasema taifa hili halikujengwa ili watu wagawanywe kwa makabila kwenye uwanja wa mpira. Maneno ya kweli. Mimi mwenyewe ningeyasema.

Ndipo Mashaka akaomba nafasi.

"Ndugu Katibu, baba yako alipofariki, nani alijilaza kaburini akakataa kutoka?"

Ndugu Pazi ni Mzaramo, mtani wa Mashaka. Aliitazama meza.

"Wewe."

"Na kabla ya hapo, nani alilichimba?"

"Wewe, Mashaka."

"Siku ile nilikugawa?"

Kisha sauti ya mtu dirishani: "Na jogoo wa kumtoa kaburini alikuwa kifaranga." Watu wakacheka. Ndugu Pazi alijizuia, ikamshinda, akacheka huku ameufunika mdomo kwa karatasi.

Nikasimama. Nilisema kura yangu ni ile ile. Kijana amekosea njia, hakukosea nia. Nikakaa haraka kuliko inavyompasa mwenyekiti.

Uamuzi: Rajabu abaki mpaka mchezo wa Mikumi. Uwanjani lisitajwe kabila la mtu, wala utani usisikike. Ndugu Pazi atakuja kuhakikisha mwenyewe.

Ni uamuzi wa haki. Lakini Rajabu amenyang'anywa mdomo wake.

Jumatatu, 26 Juni

Kalinga alikwenda Malolo jana kwa baiskeli, mdomo ukiwa bado umevimba. Alimpelekea mama yake Simoni unga na kuku. Hakuna aliyemtuma. Leo Simoni amerudi mazoezini. Hawakuzungumza, ila walipeana mpira.

Mazoezi yalikuwa ya kimya kama kanisani. Mashaka anainua mkono, vijana wanampa. Mbaruku anauma midomo. Rajabu anafungua kinywa, anakifunga.

Siku zimebaki chache.

Jumamosi, 1 Julai

Tulikwenda Mikumi kwa treni. Wachezaji waliimba mpaka stesheni ya Ulaya, kisha wakaacha.

Timu ya Mikumi ni madereva wa malori na wajenzi wa barabara. Warefu, wenye mabega. Uwanja uko karibu na barabara kuu, na kila lori lililopita lilipiga honi kuwashangilia. Ndugu Pazi alikaa mbele, karibu na benchi letu. Meneja alikaa kando yangu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Mashaka aliomba mpira, alipewa, alinyang'anywa. Aliomba tena. Alikuwa akihema kwa kinywa. Mara moja Mbaruku alianza, "Wewe mtum..." akamwona Ndugu Pazi, akameza. Tuliachwa mbali.

Wakati wa mapumziko Rajabu alisimama peke yake kidogo. Nilimwona anajifuta viganja kwenye suruali. Kisha akaenda mpaka mbele ya Mashaka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Walikwisha kusalimiana alfajiri, stesheni. Wachezaji wote waligeuka.

"Marahaba," akasema Mashaka, polepole.

"Kaka, umechoka. Kaa. Simoni ataingia."

Hakusema samahani. Hakucheka. Mashaka alinitazama mimi, mkubwa kwa mkubwa. Alitaka niseme neno. Neno moja langu lingetosha kumrudisha uwanjani, na Rajabu asingekuwa kocha tena, wa timu hii wala ya nyingine. Sikusema.

Mashaka akakaa. Akainama, akafungua kamba za viatu.

Kipindi cha pili vijana walicheza kama watu waliofunguliwa. Simoni alifunga, Kalinga alifunga, Mbaruku alipita katikati ya miguu ya wale majitu. Tuliwafikia. Watu wa Mikumi waliacha kupiga kelele. Mwishoni kabisa dereva mmoja alirusha kutoka mbali, na mpira ukazunguka juu ya chuma, ukaingia.

Tumeshindwa kwa kikapu kimoja.

Katika treni hakuna aliyekaa karibu na Rajabu. Nilitaka kuhamia kwake. Nilibaki dirishani. Heri ningehamia.

Jumatatu, 3 Julai

Ofisini kwa meneja, asubuhi. Kamati, wachezaji, Rajabu mlangoni.

Meneja hakuzunguka. Kuanzia leo hakuna kuachiwa mchana. Kila mtu arudi kwenye kazi yake, siku nzima, kama wengine. Nilikuwa nimelitarajia, na bado liliniuma.

Kuhusu kocha, yule mjumbe aliyekunywa uji wangu alisema aondoke leo hii. Amemdhalilisha nahodha mbele ya watu wa Mikumi. Wengine waliitikia. Meneja akawageukia wachezaji, akawauliza wao wanasemaje. Wote walimtazama Mashaka.

"Nimechoka tangu mwaka juzi," akasema Mashaka. "Hawa waliona. Mwenyekiti aliona. Mbaruku alinitukana, nikacheka, nikaendelea. Huyu kijana alinisalimia, akaniambia. Sikupenda. Lakini aliniambia. Mkimfukuza kwa ajili yangu, msitumie jina langu."

"Mwenyekiti aliona." Ni kweli. Niliona, na mimi ni mkubwa wake kwa umri.

Meneja alifikiri. Akasema shamba linahitaji mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Rajabu aichukue kazi hiyo, abaki na chumba chake. Baada ya kazi, anayetaka kucheza na acheze, kwa hiari yake, naye awafundishe. Mshahara wa mpira haupo.

Rajabu alisema ndiyo. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nje alinishukuru, nami nikamwambia asinishukuru.

Jumatano, 12 Julai

Baridi leo. Nimevaa koti.

Jioni nilikwenda uwanjani bila kutarajia kitu. Watu hukata mkonge tangu alfajiri; miiba inawachoma, utomvu unawawasha mikono. Nani ataushika mpira baada ya hapo?

Wamekuja. Si wote. Mbaruku, Kalinga, Simoni, na wengine watatu niliokuwa siwajui, wakataji. Rajabu alikuwa akimkemea Kalinga kwa sauti ya kawaida, bila kuinua wala kushusha. Kalinga aliitika, akarudia alichoambiwa.

Mashaka alifika akiwa na kanzu, akakaa kwenye benchi langu. Kisha akaniambia ameanza kisomo, darasa la Rajabu. Anaweza sasa kuandika jina lake na la mkewe. Nikamwambia ni vizuri. Akasema silabi ngumu ni kha. Nikasema ni ngumu kwa watu wengi.

Giza lilipoingia mpira haukuonekana tena. Waliendelea kidogo, wakiufuata kwa mdundo wake. Halafu wakaenda makwao.

Mama Debora aliniuliza wamekuja wangapi. Nikamwambia wametosha.