Mukeke wa wifi na mafuta ya plastiki

Dada Zuhura, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Bujumbura, kwa wifi yangu Mwajuma, na uso sina. Mumewe ni fundi. Anachemsha mifuko ya plastiki ndani ya pipa lililofungwa, pamoja na udongo wa mfinyanzi. Mvuke ukipoa unakuwa mafuta, na jiko lao linatumia hayo. Jana aliponionyesha nilimsifu sana. Lakini wifi alipoleta mukeke, samaki mtamu wa ziwa hili, nilianza kunusa sahani kwa siri, kisha nikasema nimeshiba.

Wifi alikuwa ananitazama. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini watoto wasisikie, "Kula, wifi. Ya kwako mi nilipika na makala. Nilijua utaogopa." Makala ndio mkaa huku.

Watoto wake walikuwa wanakula cha jiko lile. Nilimaliza samaki bila kuinua macho.

Leo asubuhi nimemwomba chai ya jiko lao. Ametabasamu tu. "Apana, wifi. We ni mugeni." Akawasha makala.

Nibusie mama, dada yangu. Nimewakumbuka mno.

Mdogo wako,
Rehema