Nafasi ya Kukaa Watu

Kibugu,
9 Machi 1986

Wifi Alice mpendwa,

Pokea salamu za huku kwenye baridi. Sisi tu wazima, na tumeongezeka. Jumanne nilijifungua msichana, na kwa kuwa dada yake Wambeti alishachukua jina la mama yake mume wangu Ndwiga, huyu ni zamu ya kwetu. Ni Karwirwa. Mwambie Mama jina lake sasa liko huku linanyonya usiku kucha na halimhurumii mtu.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani kwa sababu hakuna mahali pengine pa kukaa. Vikapu vya kuchumia chai viko juu ya viti, nguo za Njuki ziko ndani ya karai, sufuria ziko chini ya kitanda pamoja na viazi, na juzi Ndwiga alitafuta kiatu kimoja mpaka akaenda kanisani na gambuti za shambani. Tulipokuja Githongo wakati wa Krismasi niliona ulivyoipanga nyumba ya Mama tangu uhamie kwake kumwangalia. Yale magunia yenye mifuko, zile rafu za kreti. Sikusema kitu kwa sababu ya kiburi, si unanijua. Sasa kiburi kimeisha, nifundishe.

Halafu Mama. Siku ile alikula vijiko viwili akasema ameshiba, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno nilipoushika. Mumeo, kaka Kirimi, yuko Nakuru kazini na barua zake ni mistari mitatu. Mimi siwezi kusafiri na kichanga. Kwa hiyo Mama yuko mikononi mwako, wifi, na macho yangu huko ni wewe. Usinifiche kitu. Baba alikufa nikiwa mbali, na naogopa sana Mama asije akaenda vivyo hivyo.

Msomee barua hii. Ukifika kwenye jina, rudia.

Ni mimi wifi yako,
Gacheri


Githongo,
23 Machi 1986

Kwa Mama Njuki, wifi yangu,

Hongera, na natumai mtoto ananyonya na wewe unakula. Kunywa uji wa wimbi, achana na chai, chai ni ya kuuza. Huku mvua imeanza na kahawa imetoa maua.

Mama nilimsomea. Nilipofika kwenye jina aliniambia nisome tena, halafu akauliza kama mtoto ana masikio makubwa kama yake. Tuma jibu.

Sasa sikiliza, maana sirudii. Usinunue kabati. Watu wananunua kabati na nyumba zao zimejaa vitu vinavyongoja kuwa kabati. Chukua gunia la sisali, lifue, lianike. Jingine likate vipande, uvishone juu ya lile la kwanza viwe mifuko, kisha lipigilie ukutani. Hapo weka vijiko, vitana, soksi na barua zangu. Masanduku ya mbao ya majani chai yako tele kwenu, yalaze kwa ubavu moja juu ya jingine, hiyo ni rafu. Kopo la mafuta ya Kasuku usitupe hata moja. Litoboe pembeni, litie waya, litundike kwenye boriti na maharagwe ndani, panya atabaki akitazama. Tairi bovu la baiskeli litundike mlalo, uzungushie kulabu za waya, sufuria zote zitakaa hapo. Kila kitu kina kazi ya pili. Ni kukitazama tu bila huruma.

Kuhusu Mama, nilimpeleka kwa daktari hapa sokoni. Alisema ni vidonda vya tumbo na pia umri, akampa vidonge, akasema anywe maziwa na ale chakula laini kidogo kidogo. Uji anafikisha nusu kikombe. Mimi naona anapungua. Meza yake ile kubwa nimeitoa sebuleni apate hewa.

Wifi yako,
Alice


Kibugu,
20 Aprili 1986

Wifi mpendwa,

Habari za mvua? Hapa ni matope hadi mlangoni, lakini ndani sasa kunapitika. Gunia limekubali. Masanduku yamekubali. Makopo nimeyatundika chini mno, na Ndwiga amegonga kichwa kwenye maharagwe kila asubuhi mpaka akazoea kuinama, sasa anaingia nyumbani kama mtu anayeingia kanisani. Jirani zangu wanakuja kutazama, nami nawaambia ni akili yangu. Utanisamehe.

Masikio ni makubwa. Mwambie Mama ni yake kabisa, hata lile la kushoto linalotoka nje.

Ila kuna neno lilinikwama. Ile meza Baba aliichonga mwenyewe, na Mama hukaa hapo kuchagua maharagwe. Umeipeleka wapi? Na sasa anakaa wapi mchana? Unaposema anapungua, unamaanisha hanywi maziwa, au anakunywa na hayakai tumboni? Niandikie vizuri. Nikilala naona uso wake wa Krismasi.

Wifi yako,
Gacheri


Githongo,
11 Mei 1986

Wifi Gacheri,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mzima ila mgongo, maana nimefanya kazi ya fundi na ya mke pamoja.

Meza nimeikata ikawa uchanja wa vyombo huko nje, inabeba sufuria kubwa kumi bila kulalamika. Mlango wa zizi la zamani nimeukwangua, nikauegemeza juu ya madebe mawili, hapo ni pa kupakulia chakula. Blanketi zilizochakaa nimezikunja nikazishonea magunia, zimekuwa mito ya wazee. Vikombe nimevitundika kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na vingine vya kikundi cha kanisa nimeshaomba, viko ndani ya pipa na majivu visipate kutu.

Kazi iliyonipendeza zaidi ni kitanda cha Mama. Ni mbao za ule mti wa Meru, mwaru, nzito kama chuma. Nimekitengua nikapata mabenchi mawili marefu, moja kwa kila ukuta. Mama nimemtandikia godoro chini chumbani, ni rahisi kumlisha nikiwa nimepiga magoti. Sebule sasa inaweza kukaa watu wengi bila mtu kusimama nje. Kona ya dirishani nimeiacha wazi kabisa, siweki kitu hapo.

Aliuliza mabenchi ni ya nini. Nilimwambia ni ya ushirika wa kanisa. Aliyatazama kupitia mlangoni, akacheka kidogo, akageukia ukuta. Uji siku hizi anaonja tu.

Naona unaniuliza maswali kama polisi. Mimi ndiye niko hapa.

Wifi yako,
Alice


Kibugu,
18 Mei 1986

Alice,

Natumai uko salama. Barua yako nimeisoma nikiwa kituo cha kupimia chai, nikaketi chini kwenye majani ya watu.

Hao watu wengi wa kukaa sebuleni ni akina nani? Vikombe vya kikundi chote vya nini? Kona iliyoachwa wazi ni ya nini? Sema wazi, kwa sababu mimi nimeshajua na nataka nisikie kutoka kwako.

Kwetu kitanda cha mzazi hakitenguliwi akiwa anapumua. Kinatolewa nje siku ya kumzika. Cha Baba kilitolewa siku hiyo, na Mama mwenyewe alishika upande wa kichwani. Unafikiri amesahau? Unafikiri aliposikia msumeno ukikata mbao zake alidhani ni ushirika? Umemlaza sakafuni akitazama matanga yake yakipangwa, kisha unaniandikia kwamba hali uji.

Rudisha kitanda. Kama mbao hazirudi, mpe chako. Mpe maziwa na ukae naye akinywa.

Gacheri


Githongo,
1 Juni 1986

Wifi,

Salamu. Nimekaa na barua yako wiki mbili nisikujibu kwa hasira.

Utajua sasa kwa sababu umetaka kujua. Baba yangu alipokufa hatukuwa na kitu tayari. Mvua ilinyesha, na watu walisimama chini ya migomba. Wazee walikunywa chai kwa zamu kwenye vikombe vya kuazima, na maiti iliwekwa juu ya meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa jiwe. Mama yangu alisemwa miaka na miaka. Hata kisimani walinyamaza akifika. Mimi niliapa kwamba nyumba nitakayoolewa haitaaibika hivyo. Mamako nampenda. Namwogesha, namgeuza, namchana nywele. Nilitaka siku yake iwe ya heshima. Hilo ndilo kosa langu?

Daktari hakusema anakufa, ni kweli. Lakini mimi nimeuguza watu na macho yangu yanaona. Kirimi nilimweleza akasema nifanye ninavyoona.

Ila nitakuambia jambo moja, kwa sababu ulisema nisikufiche. Wiki hii nilikuwa napaka chokaa ile kona ya dirishani, pa kuweka jeneza. Mama aliniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anauliza siku ya soko. Alisema, “Alice, mmeweka siku gani?”

Nikamwambia, “Siku ya nini, Mama?”

Akasema, “Niambie tu, nisiwachelewesheni.”

Nilitoka nje na brashi mkononi. Tangu hapo anafunga mdomo nikileta kijiko. Hajakasirika. Ananishukuru, halafu anafunga mdomo. Naanza kuogopa, Gacheri. Sijui hiki ninachokiona ni ugonjwa au ni mimi.

Wifi yako,
Alice


Kibugu,
7 Juni 1986

Wifi Alice,

Nakusalimu, na leo sikugombezi. Hasira yangu nimeiweka kando kwa sababu haimlishi Mama.

Nakuja. Jumamosi tarehe kumi na nne Ndwiga ameahidiwa pikapu ya jirani yetu Naftaly, hakuna siku ya karibu zaidi, nimeshalia nikaomba. Tutatandika majani na blanketi nyuma, tumlete Mama huku Kibugu. Ng'ombe wetu anakamwa mara mbili kwa siku na kitanda changu ni kipana.

Wewe fanya haya tu. Mwondoe sakafuni. Toa mabenchi nje asiyaone. Mpe maziwa kwa kijiko hata kama ni matone. Na mwambie nakuja na mtoto. Mwambie Karwirwa anakuja kumwona Karwirwa. Hakuna dawa itakayomwinua kuliko hiyo, mimi namjua mama yangu. Mwambie mara tu ukisoma hapa.

Wifi yako,
Gacheri


Githongo,
Ijumaa, 13 Juni 1986

Wifi yangu Gacheri,

Barua hii nimempa jirani yenu Naftaly mkononi, kwa kuwa alikuwa Meru mjini leo, akapita hapa, na anarudi kwenu jioni. Sikutaka uisikie kwa mdomo wake. Kaa chini kwanza, na mtoto mpe mtu amshike.

Mama ametuacha leo asubuhi.

Barua yako niliipata Jumanne. Nilifanya yote. Mabenchi niliyaburuta mwenyewe hadi nyuma ya stoo. Nilimhamishia kwenye kitanda changu, chini ya dirisha, na nikamkalia na maziwa kama ulivyosema. Nilimwomba msamaha pia. Alinipapasa mkono. Jumatano asubuhi alimaliza kikombe kizima, Gacheri, akalamba mdomo, akasema kibuyu chake kimetiwa moshi vizuri. Nilitoka nje nikaimba nikikata nyasi za ng'ombe. Nilisema nitakuandikia usiku kwamba umeshinda.

Mchana akiwa ameegemea mto nikaona ni wakati mzuri, nikamwambia. Nilisema, “Mama, Gacheri anakuja Jumamosi na Karwirwa mdogo.”

Nilidhani atacheka. Alinitazama sana. Akauliza, “Nani amemwita?”

Nikasema hakuna aliyekuita, umeamua mwenyewe, umemkumbuka.

Akasema, “Binti aliyeolewa mbali hatoi kichanga nyumbani kwa matembezi. Mimi sikuletwa kwetu na mtoto mgongoni ila siku ya kumzika mama yangu. Basi, siku yangu imefika.”

Niliapa. Nilimsomea barua yako yote, hata mahali pa ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema wewe ni mtoto mzuri, tangu zamani hukupenda kumtisha mtu. Akaomba nimnyooshe miguu na nimfunge kitambaa cheupe. Kuanzia hapo hakupokea kitu, hata maji nikiyadondosha yalitoka pembeni ya mdomo. Jana alisema mara moja tu kwamba barabara ya Embu ina matope, msikimbie.

Kwa hiyo msikimbie. Hakuna haraka tena. Mfunike mtoto vizuri.

Watu wameanza kuja. Wananisifu, kila anayeingia anasema hajaona nyumba iliyojiandaa hivi. Wananiuliza Mama alikuwa anaugua nini, nami nawaambia tumbo. Kesho ukifika watakuuliza wewe. Sijui utawajibu nini, lakini lolote utakalosema, nitakuwa nimesimama hapo hapo nisikie.

Wifi yako, ukikubali,
Alice