Wakunga Wote, Bila Kukosa

Jumatatu, 15 Aprili 1996

Agizo la wilayani: wakunga wote Mbinga mjini kesho, bila kukosa. Semina ya uzazi salama, siku tatu. Hapa zahanati ya Mapera "wakunga wote" ni mimi peke yangu. Nikauliza, nani abaki? Mleta barua kasema nisiwe mbishi, wafadhili wanataka ukumbi ujae. Haya!

Nimepita kwa Tadea. Tumbo limeshuka. Uzazi uliopita alitoka damu nusura tumzike, nami nilimwahidi safari hii nitakuwepo. Kacheka: niende tu, atabana mapaja. Mimi sikucheka. Naogopa.

Funguo nimemwachia Mansuetus, mlinzi. Ana uzoefu — kashazalisha mbuzi.

Jumanne, 16 Aprili

Fulana, soda, posho. Nimepokea vyote, sijifanyi mtakatifu. Mwezeshaji, Bwana Nathanieli, kafundisha: mama aliyewahi kutoka damu asiachwe bila mkunga. Nimepigia mstari. Elimu bahari!

Jumatano, 17 Aprili

Asubuhi Ildefonsi wa lori la mbao kaja mpaka mlango wa ukumbi. Katumwa na Hyasinti, mume wa Tadea: chupa imepasuka, nesi rudi. Nikasimama. Bwana Nathanieli: mada haijaisha, halafu saa nane kuna picha ya pamoja. Picha!

Jirani yangu wa kiti, Aurelia, wa wodi ya wazazi hospitali ya hapa mjini, kaninong'oneza: dada, kimbia. Wao wote wa wodi wamo humu ndani, wodini kabaki mfagiaji, na hakuna kutoka mpaka picha.

Nikapanda lori. Matope mpaka ekseli. Kule mteremkoni pikapu ya parokia ikatupita mbio ikielekea mjini, ikanirushia tope usoni. Nikamtukana dereva — Mungu wangu, gari la padri!

Saa nane hii, Mapera. Kitanda kitupu. Hyasinti alichoka kunisubiri, kamwomba padri gari, kampeleka Tadea hospitali. Ndiyo ile pikapu. Tumepishana!

Naandika nisije nikampiga mtu. Mansuetus ananipoza: tulia nesi, hospitali kubwa ile, wakunga wapo tele.

Wapo, baba. Sasa hivi wanapangwa mistari miwili, wafupi mbele, wanaambiwa watabasamu.

Ildefonsi anapiga stati. Lori haliwaki.