Kicheko Mbele ya Jeneza

Gongoni, Tabora
12 Agosti 1969

Kwa mtani wangu Shaban,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na naamini nawe hujambo. Baba yako, mzee Lukumani, namjulia hali kila Ijumaa. Kifua bado kinambana.

Mtani ni mtu mwenye haki ya kukuchukulia kitu chako huku unaona, nawe ukacheka. Achukuaye usipoona haitwi mtani. Wewe Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Babu zetu walipeana haki hiyo kwenye njia ya misafara, na mipaka yake waliijua. Ulipokuja Pasaka uliondoka na stensili zangu sita za kuchapia picha, nilizozikata kwa kisu kwenye filamu kuukuu za eksirei, kila moja kwa rangi yake. Sasa gazeti linakusifu kwa picha iliyotokana nazo: eti ni wewe uliyewachukua wanawake watano waliochorwa na yule mchoraji wa Paris, wenye nyuso za vinyago, ukawatwika mizigo na kuwapanga kwenye njia ya Ujiji.

Tamka hadharani mkono uliozikata ni wa nani.

Mtani wako,
Paskazia

Dar es Salaam
30 Agosti 1969

Kwa mtani mwenye kisu,

Hujambo, mpagazi? Mimi mzima, nashiba samaki ambao ninyi huwaona wakiwa wamekauka.

Unalia nini? Mzungu kaiba nyuso za vinyago vyetu, wewe ukamwibia wanawake wake, mimi nikakuibia wewe. Ndio msafara huo: mzigo hubadilisha bega. Tena siku hizi ni Ujamaa, mali yetu sote! Chini ya picha linatosha jina moja, nalo limeshakaa.

Nisalimie baba.

Mtani wako,
Shaban

Dar es Salaam
9 Novemba 1969

Paskazia,

Hali yako siulizi. Baba yangu amekwisha kuswaliwa, jua kali, wewe ukalala njiani mbele ya jeneza. Kwamba watani huzuia jeneza mpaka wapewe kitu, najua. Nikakupa kuku, ukamrusha. Ukasema, “Mzee hapiti mpaka mwanawe aseme nani alikata zile stensili.”

Nikasema. Mbele ya shehe na Gongoni nzima: “Ni Paskazia. Mimi niliiba.” Wakaangua kicheko! Hata mjomba Abbasi, machozi yangali usoni: “Ama watani hawa!” Hakuna aliyesadiki; wote walidhani ni utani. Umemweka baba yangu juani bure.

Ulichotaka nimekisema. Yamekwisha.

Shaban

Gongoni, Tabora
1 Desemba 1969

Kwa mtani wangu,

Pole tena kwa msiba, mzee nilimpenda. Hata hivyo sijutii. Nilikadiria kila kitu, isipokuwa kicheko.

Hayajaisha. Nimekata stensili mpya: jeneza, waombolezaji wenye macho mawili upande mmoja wa uso, kama wachoravyo wale wa Paris, na wewe katikati. Napaka rangi kwa brashi, nakala baada ya nakala. Nitazibandika kuanzia stesheni hadi sokoni, jina langu chini. Mdomo wako sikuupa rangi. Ni karatasi tupu. Watu watauliza ulikuwa unasema nini, nami nitawaambia, nao huenda wakacheka tena.

Hapo ndipo ninapokwama: ukweli uliosemwa mbele ya watu wote, na wote wakaucheka, je, umekwisha kusemwa?

Mtani wako,
Paskazia